Anakumbuka kete zote, anasahau chumvi

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu mdogo ni fundi wa bao. Juzi mtoto alikumba ubao mchezo umefika mtaji (hatua ya pili, kete zote zikiwa zimeshaingia ubaoni), kete zikamwagika. Akazirudisha shimo kwa shimo na mpinzani wake hakubisha. Lakini mkewe akimwagiza chumvi, kiberiti na mafuta ya taa, anarudi na kiberiti tu. Kwani bao haliongezi kumbukumbu? Tumeshauriwa tumnunulie programu ya mazoezi ya ubongo. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Linaongeza, ila kumbukumbu ya bao.

Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon, Marekani, walimwonyesha bingwa wa sataranji (chesi), kwa sekunde 5 tu, mchezo uliofika katikati, kisha wakamtaka aupange upya. Alimwacha mbali anayejifunza. Kete zilipotawanywa ovyo, ubingwa ukayeyuka. (Baadaye ilionekana kuwa hata hapo bingwa huzidi, lakini kidogo.) Bingwa huona mafungu aliyoyazoea, haoni kete moja moja. Baba yako mdogo naye hakukariri mashimo 32; alijua nyumba (lile shimo kuu) ya nani bado nzima na zamu ya mwisho ya kula kete ililala wapi.

Kisa ninachokipenda zaidi kilichapishwa 1980 na watafiti Ericsson, Chase (yuleyule) na Faloon. Kijana mmoja wa chuo, wanamwita S.F., alisomewa tarakimu, moja kila sekunde. Mwanzoni alishika 7, kama mimi na wewe. Baada ya saa 230 hivi za mazoezi, katika muda uliopita mwaka mmoja na nusu, alishika 79! Alikuwa mkimbiaji: 3492 kwake ilikuwa dakika 3 na sekunde 49.2, muda unaokaribia rekodi ya dunia ya maili. Walipombadilishia wakampa herufi, akarudi kwenye 6.

Kwa hiyo hela ya programu iwekeni. Atakuwa hodari wa programu hiyo, basi. Chumvi na mafuta ya taa havina pa kujishikiza kichwani mwake, kwa hiyo apewe karatasi, au avitaje mwenyewe kwa sauti kabla hajavuka mlango. Akianza kupotea njia anazozijua au kusahau majina ya wanawe, hapo mpelekeni hospitali. Ila kwanza chunguzeni anaagizwa saa ngapi. Kama ni akiwa ameinamia ubao, hajasahau chumvi. Hakuisikia.