Dawa ya mayai na vifaranga wanaokufa

SUALI: Assalaam aleikum, Bi Mkubwa. Nafuga samaki, perege, hapa Micheweni. Mayai nayatoa mdomoni mwa majike na kuyatia dawa ya fomalini yasiote ukungu. Yanaanguliwa vizuri, lakini vifaranga wakianza kula tu, wanakufa. Ni dawa hiyo inayowaua?

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Yawezekana, na si kwa sumu peke yake. Gamba la yai lina bakteria wake, na baadhi yao huwa miongoni mwa wa mwanzo kuingia tumboni mwa kifaranga. Ukiwafuta wote, nyumba tupu huwahiwa na bakteria wazaanao mbio, na humo wamo waletao maradhi.

Fomalini mimi siipendi: mvuke wake huhusishwa na saratani, na nyie mnaishika mikono mitupu, nakujueni! Anza kwa kuondoa mayai meupe yaliyokufa, ndiko ukungu uanziako, na maji yapite taratibu bila kusita.

Kisha gawa mayai ya jike mmoja mafungu mawili, moja bila dawa. Hesabu vifaranga mpaka mwezi utimie, si siku ya kuangua tu. Na chakula usimwage kingi. Mabaki huozesha maji.