Unaenda kufanya kazi Dubai kwa viza ya matembezi? Soma hapa kwanza

Mleta mada, umeuliza kama kufanya kazi nje kunamkomaza mtu kiakili; hayo yaache kwanza. Dalali amekwambia uingie Dubai kwa viza ya matembezi, kazi ya ghala ipo, kibali "kitamaliziwa ukifika", na wewe unatafuta mtu wa kununua pikipiki yako ili umlipe huyo dalali. Usiuze.

Mimi niliuza. Na maneno niliyoambiwa ni hayohayo, nadhani hawa jamaa wamesoma darasa moja. Wa kwangu alikuwa na kiofisi cha ghorofani Kariakoo, kalenda ya Burj Khalifa ukutani, "mdogo wangu" kila baada ya maneno mawili. Pasipoti na viza akavitia kwenye bahasha ya kaki, akagundisha, akasema nisifungue mpaka uwanja wa ndege. Na mimi na ndevu zangu nikatii. Mungu anamwona.

Ni kweli viza ya matembezi inaweza kubadilishwa ukiwa ndani ya nchi yao, ila anayeomba kibali ni mwajiri. Dalali wa Kariakoo hana ubavu huo. Kufanya kazi kabla ya kibali ni kosa, na mwajiri anajua. Tangu 2024 akikamatwa amemwajiri mtu asiye na kibali, faini yake inaanzia dirhamu 100,000, kwa hiyo anakuficha. Mimi nilifichwa kwenye maegesho ya chini ya jengo, naosha magari usiku, mchana nalala mtaa wa Deira kwenye kitanda cha juu chenye pazia, soksi za mwenzangu zinanining'inia puani. Mshahara wa kwanza nikapewa nusu. Uliofuata, bosi akacheka tu: "Nenda polisi." Viza ikaisha, faini ikaanza, dirhamu 50 kwa siku, inahesabu hata ukiwa umelala. Namba ya dalali ikawa haipatikani. Mdogo wake nimekuwa yatima.

Mnaosema nje inamkomaza mtu, kipindi kile mimi nilichojifunza ni uongo. Napiga picha kwenye chemchemi za Dubai Mall, namtumia mama, halafu naenda kuomba mkate kwa Mganda wa chumba cha pili. Akili ilianza kunijia niliporudi Dubai mara ya pili na kibali changu. Msimamizi akinionea, namjibu. Nikidaiwa saa za ziada, naonyesha mkataba. Mtu asiye na karatasi anakomaa mgongo tu.

Kwa hiyo: hakuna tiketi, hakuna shilingi, mpaka uwe na barua ya ofa ya wizara yao ya kazi (MOHRE) yenye jina lako. Ina namba, ingia mwenyewe kwenye tovuti yao uihakiki. Usikubali "kijana wangu ameshaangalia". Na sheria yao inasema gharama za kuajiriwa ni za mwajiri, hivyo anayekudai "hela ya kibali" ameshajitaja. Kapite na TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, uulize kama huyo dalali anajulikana.

Uliuliza na mambo mengine, nimeyasahau kwa hasira. La lugha nalikumbuka: hicho Kiarabu unachojifunza YouTube ni kizuri kwa salamu, ila ghalani jiandae na Kihindi.