Kwa anayeanza zumari ya mfuko (bagipaipu) ukubwani

Usinunue mfuko kwanza. Najua ndio unaoutaka, ndio ulioona picha yake ukavutiwa, lakini miezi sita ya mwanzo, hata mwaka, ni ya chanta ya mazoezi: kibomba chembamba cha plastiki, sauti yake ndogo, hakimwamshi jirani. Kina matundu manane, saba mbele na moja nyuma la kidole gumba, na noti zake, yaani sauti zinazoitwa kwa herufi kama A, D na E, ni tisa tu. Vidole vikishakizoea ndipo uwaze mfuko.

Mimi nilianza nikiwa na miaka 43, karani wa ghala la korosho hapa Mikindani, sijawahi kushika chombo chochote cha muziki isipokuwa dufu la maulidi. Bagipaipu ya Waskoti niliifahamu kwa mtoto wa mama mdogo anayeishi Muscat. Oman wana bendi nyingi za zumari hizi, hata za askari wanaopiga wakiwa juu ya ngamia, na yeye yumo katika mojawapo. Alikuja likizo, akaniachia chanta yake ya zamani, na tangu hapo ananifundisha kwa simu ya video kila Ijumaa usiku.

Kitu cha kwanza alichonisahihisha ni vidole. Nilivikunja nikaziba matundu kwa ncha, kama anayepiga filimbi. Hapana. Vidole vinalala vimenyooka, mkono wa kushoto juu, wa kulia chini, na kwa mkono wa kulia vidole vitatu vinaziba kwa pingili ya kati, kidole cha mwisho ndicho pekee kinachotumia ncha. Mtu mzima mwenye mikono iliyobeba magunia ataona vidole vimekakamaa. Usikamue. Ukiona matundu yamejichora kwenye ngozi, unabana mno.

Sasa nikueleze mahali nilipokwama wiki tano nzima, maana na wewe utapita hapo. Ni kutoka noti ya D kwenda E. Kwenye D, mkono wa chini vidole vitatu viko juu na cha mwisho kimeziba. Kwenye E, vile vitatu vinashuka, cha mwisho kinapanda, na kwenye mkono wa juu kidole cha pete kinafunguka. Hapo vidole vitano vimehama, na vinatakiwa kuhama kwa pigo moja. Mkono wa chini ukitangulia hata kidogo, katikati inachomoza noti ya chini ambayo hukuiita, kama kuku aliyekanyagwa. Kwenye ala nyingine ungeifunika kwa kukata pumzi. Zumari ya mfuko haikati. Ikishaanza kulia inalia mpaka umalize, haina kimya wala haina sauti ndogo na kubwa, kwa hiyo kila uzembe wa kidole unasikika mtaa mzima.

Dawa yake ni polepole ya aibu. Weka metronomu ya simu, ile programu inayohesabu mapigo, kwenye mapigo 50 kwa dakika, D, E, D, E, dakika kumi, kila siku. Usipandishe kasi mpaka yule kuku anyamaze kabisa. Dakika 20 za kila siku zinazidi saa tatu za Jumapili, hilo nakuhakikishia kwa yaliyonipata mwenyewe. Msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, nilikuwa nashinda ghalani mpaka usiku nikaacha mazoezi kwa wiki sita. Niliporudi, vidole vilikuwa vya mgeni. Msimu uliofuata chanta nilikwenda nayo kazini, nikawa napiga wakati tunasubiri magari.

Na kwa kuwa sauti haikatiki, noti mbili zinazofanana utazitenganishaje? Kwa noti za pambo: kidole kimoja kinaruka na kurudi haraka mno hata msikilizaji haioni kama noti, anasikia mkato tu. Hizi si urembo wa kuongeza baadaye. Zijifunze pamoja na noti zenyewe, moja moja, kabla hujaanza wimbo wowote. Wazee wa Uskoti waliufundisha muziki huu kwa kuuimba kinywani, silabi hii kwa noti ile, jambo ambalo aliyefundishwa ngoma kwa kinywa hahitaji kuelezwa zaidi. Imba kwanza, ndipo upige.

Ukifika kwenye zumari yenyewe, tazama imetengenezwa kwa mti gani. Nzuri nyingi ni za mpingo, na mpingo ni wetu: unatoka kwenye mapori ya Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingineko kusini. Watengenezaji wa Uskoti wameutegemea kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu ni mzito hata unazama majini na unakubali kuchongwa kwa wembamba bila kupasuka hovyo. Mti huo unakua taratibu sana, ndiyo maana nilifurahi kujua kwamba misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha uvunaji endelevu cha FSC, shirika la kimataifa la misitu, mwaka 2009. Nikiishika yangu nahisi nimeshika kitu cha nyumbani kilichosafiri kikarudi.

Ila niliipata kwa kuumia. Ya kwanza niliagiza kwa muuzaji mmoja mtandaoni kwa kufuata urahisi wa bei, ikaja inavuja kila kiungo. Kabla hujalipa, au siku ya kupokea, ziba matundu yote ya kutokea hewa kwa vizibo, jaza mfuko upepo, subiri. Ukilegea wenyewe, unavuja. Viungo vinazungushiwa uzi uliopakwa nta mpaka vikaze.

Mfuko unakaa kwapa la kushoto. Mdomo unaujaza tu. Mkono ndio unaolisha ulimi wa zumari, kile kipande chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, na ulimi unataka msukumo ule ule muda wote. Ukivuta pumzi, mkono unabana. Ukipuliza, mkono unalegea, kama mivukuto ya mhunzi, mmoja unapanda mwingine unashuka, na moto haujui. Mimi niliazima kwa fundi ujenzi mpira wake wa kupimia usawa, ule wa plastiki angavu wenye maji, nikauchomeka kwenye kizibo cha tundu mojawapo la mfuko. Maji yakipanda na kushuka, mkono wangu unayumba. Yakitulia, niko sawa. Hakuna mwalimu aliyenisaidia kuliko ule mpira. Na mabomba ya mvumo, yale yanayotoa noti moja isiyobadilika nyuma ya wimbo wa chanta, usiyafungue yote matatu kwa pamoja. Anza na moja, mengine yabaki na vizibo.

Vaa vizuizi vya masikio, sauti yake inapita desibeli 100. Mimi huenda ufukweni maji yakitoka, baada ya alasiri, na nikisikia kuna msiba mtaani siendi kabisa.

Hili la ukungu naomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote. Hewa ya pwani yetu ina unyevu, na ndani ya mfuko kuna mate. Mwaka 2016 madaktari wa Manchester waliandika katika jarida la Thorax kuhusu mgonjwa wa miaka 61 aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu waliouhusisha na kuvu na hamira zilizoota ndani ya zumari yake. Kila ukimaliza, fungua viungo vyote, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mabomba, toa ulimi uanikwe kivulini, acha mfuko wazi upate hewa. Usiifungie kwenye sanduku ikiwa mbichi, na mti usiuweke juani.

Kuweka sauti sawa kunakuja mwishoni. Unashikilia noti ya A ya chini, kisha unasogeza kichwa cha bomba la mvumo, juu sauti inashuka, chini inapanda. Sauti ya bomba na ya chanta zikikaribiana utasikia wimbi, uu, uu, uu, linalopungua mwendo kadiri unavyosogeza, halafu ghafla wimbi linaisha na bomba na chanta vinakuwa sauti moja. Mara yangu ya kwanza ilikuwa ufukweni, magharibi inakaribia, na nilisimama nikaishikilia noti ile moja mpaka mkono ukachoka.