Bima kubwa ya Subaru ya turbo Kigoma: pa kupunguza gharama na pa kutogusa

Ushauri mwingi wa bima mtandaoni unatoka Uingereza, ambako kwa miaka mingi magari yamepangwa makundi kuanzia 1 hadi 50, na turbo inakupandisha kundi. Kwa mwenye Subaru WRX STI au Toyota Crown Athlete ya turbo pale Mwanga au Ujiji, hesabu ni nyingine. Huku ada ya bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, hukokotolewa hasa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukubwa wa injini ulishakuumiza kwenye ushuru wa kuingiza gari.

Chukua gari la milioni 30. Ukipewa asilimia 3.5, ada ni 1,050,000. Weka VAT ya asilimia 18, yaani 189,000, jumla 1,239,000. Hapo ndipo mtu anapomwambia wakala, "Andika milioni 20 tu, ndugu yangu." Ada inashuka kwa 413,000, na kila mtu anaondoka anacheka. Tatizo ni kwamba umekata bima ya theluthi mbili ya gari. Ukigonga na matengenezo yakafika milioni 6, mkataba wenye kipengele cha uwiano utakulipa milioni 4, na eksesi, yaani kile kiasi cha kwanza cha hasara unachobeba mwenyewe, bado haijatolewa. Kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako ni hasara, maana gari likiteketea unalipwa bei ya soko ya siku hiyo. Thamani sahihi ni ile ya kulipata gari kama hilo Tanzania leo, ushuru ukiwa ndani. Ankara ya Japani peke yake haitoshi.

Pa kupunguza kihalali ni kwenye hiyo eksesi. Omba bei mbili kwa maandishi, moja ya eksesi ya kawaida na nyingine ya eksesi kubwa, uone tofauti ya ada. Kama akiba yako haiwezi kutoa eksesi hiyo ndani ya wiki moja, usiichukue. Uliza pia punguzo la kifaa cha kufuatilia gari. Mwaka ukiisha bila madai, dai punguzo lako, na ukihama kampuni omba barua ya kuthibitisha hukudai. Taa ya nyuma iliyovunjwa na bodaboda lipa mwenyewe. Kuidai kunaweza kukugharimu punguzo la mwaka unaofuata.

Gari likiwa la zamani sana, kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa. Ulizia ile ya katikati: bima ndogo, inayolipa madhara ya wengine tu, ikiongezewa moto na wizi wa gari lako. Kwa gari linalolala ndani ya geti na kutoka wikiendi, naona ndiyo inayofaa.

Marekebisho yataje yote: turbo iliyobadilishwa, kompyuta ya injini iliyochezewa, springi zilizokatwa, rimu kubwa. Piga picha kabla ya kulipa: namba ya chesisi, dashibodi ikionyesha kilomita, rimu zote nne, kioo cha mbele. Zitume kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Ukificha turbo, mthamini wa hasara ataiona siku ya ajali, na madai yote yanaweza kukataliwa.

Kuna vitu bima kubwa hailipi hata ukilia: turbo iliyokufa kwa oili chafu, gasketi iliyoungua, shokomzoba zilizochakaa, mashindano. Penye utata ni sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gari lililoshushwa chini likigonga jiwe kwenye barabara ya vumbi, sampu ikapasuka, hiyo ni ajali. Zima injini hapo hapo, piga picha ya jiwe na oili iliyomwagika, ita gari la kuvuta. Ukijikongoja hadi gereji, oili inaisha, injini inakwama, na kampuni italipa sampu na kukuachia injini, kwa sababu uliendesha ukijua. Kwa hiyo soma kikomo cha gharama za kuvuta: kutoka Malagarasi hadi Kigoma mjini ni safari, si mtaa wa pili.

Ukivuka Manyovu kwenda Burundi, chukua kadi ya njano ya COMESA kabla ya kuondoka. Hiyo ni bima inayobeba madhara unayowasababishia wengine huko. Gari lako lenyewe linahitaji mkataba uongezewe eneo, na hilo ombi halifanyiki mpakani.

Malipo yaende kwa kampuni, kamwe yasiende kwenye simu ya wakala. Kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ulinganishe aina ya bima, tarehe na kila herufi ya namba. Ukikuta kosa, hata la herufi moja, lirekebishwe siku hiyo hiyo, wakala akiwa bado anapokea simu zako.