Usitegemee mstari wa mwisho kufunga faili

Niliwahi kuandika programu ya Java ya kusoma maelfu ya faili usiku. Mchana nikiijaribu kwa faili kumi, inamaliza salama. Usiku inakufa katikati, ikilalamika kwamba faili zilizo wazi zimezidi. Linux kwa kawaida huipa programu moja nafasi ya faili 1024 kwa wakati mmoja, nami niliapa kwamba nafunga kila ninayofungua. Si `close()`, amri ya kufunga faili, ile pale, mwisho wa kitanzi kinachopitia faili moja moja?

Ilikuwepo, ila haikufikiwa kila mara. Faili yenye data mbovu ilirusha hitilafu katikati, hitilafu ikadakwa, kitanzi kikaruka hadi faili inayofuata, na ile mbovu ikabaki wazi. Zikarundikana hivyo hadi nafasi zikaisha.

Tangu Java 7 ya mwaka 2011, unaweza kufungua faili ndani ya mabano ya `try`, nayo itafungwa ukitoka kwenye bloku hiyo, yaani kipande cha msimbo kinachofuata mabano hayo, uwe umemaliza kazi, umerudi kwa `return` au umetolewa na hitilafu. Ukifungua mbili, ya pili ndiyo hutangulia kufungwa. Python ina `with`, C# ina `using`. Tumia njia hii hata pale unapoona msimbo ni mfupi mno kukosewa, kwa sababu msimbo mfupi hurefuka, na atakayeongeza `return` katikati huenda asiione `close()` yako kule chini.

Lakini soma kwanza kutoka kwenye bloku kunafanya nini hasa. Hapa ndipo ninapowasihi sana wenzangu. Kwenye sqlite3, maktaba ya hifadhidata ya Python, `with` juu ya muunganisho wa hifadhidata huthibitisha mabadiliko, au huyafuta hitilafu ikitokea. Muunganisho wenyewe haiufungi. Na `defer` ya lugha ya Go, inayoahirisha amri kama `close()`, husubiri mwisho wa fanksheni, si wa bloku. Ukiiweka ndani ya kitanzi, faili zote hubaki wazi hadi fanksheni iishe. Hamishia kazi ya kila mzunguko kwenye fanksheni yake.

Siku hizi, kabla sijaiamini programu, naichanganyia faili mbovu kwa makusudi, kisha nahesabu vilivyomo kwenye folda ya `fd` ya programu hiyo chini ya `/proc`, ambako Linux huonyesha faili ilizofungua. Idadi ikizidi kupanda mzunguko baada ya mzunguko, narudi kwenye msimbo kutafuta kilichofunguliwa nje ya bloku.