Ukienda Bolivia, anzia chini

Wageni wengi hukata tiketi ya ndege hadi La Paz, kisha siku za mwanzo wanazimalizia kitandani kwa ugonjwa wa mwinuko. Uwanja wa ndege uko El Alto, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka tu kwenye ndege umeshafika kimo ambacho mpanda Kilimanjaro hukifikia baada ya siku kadhaa za mwendo wa pole pole. Shauri langu: ingilia Santa Cruz, halafu panda kidogo kidogo. Mwili utazoea, na nchi yenyewe utaielewa, maana historia na uchumi wake vimepangika kwa ngazi za mwinuko.

Santa Cruz iko kwenye mita 400 hivi, na joto lake mtu wa Pwani halimsumbui. Uchumi mkubwa wa leo uko upande huu: soya na ng'ombe, na kusini yake gesi asilia. Aliyezoea picha za milima ya Andes hushangaa kukuta zaidi ya nusu ya Bolivia ni tambarare. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano usikiache nyumbani.

Kutoka hapo nenda Sucre, mita 2,800 hivi. Kikatiba huu ndio mji mkuu, ingawa serikali na bunge viko La Paz, na ndipo uhuru ulipotangazwa tarehe 6 Agosti 1825. Lala hapo usiku mbili tatu. Asubuhi tafuta salteña, andazi la kuoka lenye nyama, viazi na mchuzi mwingi ndani. Lishike wima, ng'ata ncha ya juu, nyonya mchuzi kwanza. Ukilivamia katikati kama sambusa, mchuzi wote utaishia kwenye nguo.

Halafu Potosí, mita 4,000 hivi. Hapa usiwe na haraka. Kunywa maji, kula kidogo usiku, pombe iache, na chai ya majani ya koka, mmea ambao pia hutengenezewa kokeini, ipo kila mahali. Ila majani yenyewe usiyafungashe kurudi nayo, nchi nyingi ni kosa la jinai. Kichwa kikizidi kuuma, ukatapika, au ukahema hata ukiwa umekaa, shuka siku hiyohiyo.

Juu ya mji umesimama mlima Cerro Rico, ambako madini ya fedha yalianza kuchimbwa mwaka 1545. Kuanzia miaka ya 1570 utawala wa Wahispania ulilazimisha vijiji vya wenyeji kutoa wanaume kwa zamu waende migodini. Waafrika nao waliletwa utumwani, na baadhi walifanyishwa kazi kwenye kiwanda cha sarafu. Kiwanda kilichokamilika 1773 sasa ni makumbusho, Casa Nacional de la Moneda. Usikikose. Mitambo ya kubana fedha bado imesimama: magurudumu ya mbao yenye meno, makubwa kuliko mtu, na chini yake ghorofa ambamo nyumbu walizungushwa kutwa kuyasukuma. Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote Bolivia. Mjini watakuuzia pia ziara ya migodini. Wachimbaji bado wamo, kwenye vumbi linaloharibu mapafu. Tembelea kiwanda kwanza, ndipo uamue kama unataka kwenda kuwatazama.

Ukifika La Paz sasa utatembea bila taabu. Panda magari ya kebo, yaliyoanza 2014, hadi El Alto, usikie Kiaymara, lugha ya wenyeji wa huko, sokoni. Katiba ya 2009 inatambua lugha 36 za wenyeji pamoja na Kihispania. Na ukiwaona wanamaji wa Bolivia Ziwa Titicaca, usifanye mzaha. Pwani yao waliipoteza katika vita na Chile vilivyoanza 1879, mkataba wa 1904 ukalithibitisha hilo, na Mahakama ya Haki ya The Hague mwaka 2018 haikuwapa walichodai. Kila tarehe 23 Machi bado wanaikumbuka bahari.

Bakiza siku za Yungas, mabonde ya joto ng'ambo ya milima ya La Paz. Mabasi madogo ya kwenda mji wa Coroico huondokea mtaa wa Villa Fátima, yanavuka mlima kisha yanateremka hadi kwenye migomba na mashamba ya koka. Karibu na hapo kipo kijiji cha Tocaña, cha Wabolivia wenye asili ya Afrika, wenye ngoma yao ya saya. Usiende kwa saa moja ya kupiga picha. Lala huko, nunua chakula kwao, na omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.