Maswali ya Wasomaji: Mwanamume katika Kazi ya Uuguzi

SWALI: Nimemaliza masomo ya sekondari na nimepata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mama ananiunga mkono, lakini baba na wajomba zangu wanasema kazi hiyo ni ya wanawake na kwamba wagonjwa watanikataa. Rafiki yangu aliyetangulia chuoni anasema kinyume chake, kwamba wanaume hupandishwa vyeo upesi. Naomba unieleze faida na hasara bila kunificha.

JIBU: Ndugu msomaji, wazee wako na rafiki yako wote wamegusa jambo la kweli. Baadhi ya wagonjwa watakukataa, na huenda ukapandishwa cheo mapema. Kwa maoni yangu, la kwanza si zito kama unavyoambiwa, na la pili si la kulishangilia kabla ya kulitafakari.

Kuhusu hoja ya baba, kazi hii haikuzaliwa ikiwa ya wanawake. Barani Ulaya watawa wa kiume waliuguza wagonjwa kwa karne nyingi, na mwaka 1586 Papa aliidhinisha shirika la wanaume wa kuwahudumia wagonjwa lililoundwa na Camillus de Lellis, Mwitalia aliyewahi kuwa askari. Sura ya kike ilikita mizizi baada ya Florence Nightingale kuanzisha shule ya kuwafundisha wanawake uuguzi mjini London mwaka 1860, na sheria zikafuata mkondo huo: Uingereza iliwaandikisha wauguzi wa kiume katika orodha ya pembeni hadi mwaka 1949, na jeshi la nchi kavu la Marekani halikuwapa uofisa katika kikosi chake cha wauguzi hadi mwaka 1955. Ilifika mwaka 1982 ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba chuo kikuu cha umma cha wanawake katika jimbo la Mississippi kilikosea kumnyima mwanamume nafasi katika shule yake ya uuguzi kwa sababu ya jinsia yake. Basi ukisikia kwamba takriban wauguzi 9 kati ya 10 duniani ni wanawake, kama Shirika la Afya Duniani lilivyoeleza mwaka 2020, ukumbuke pia milango iliyofungwa kwa muda mrefu.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni ya mgonjwa. Mwanamume anayehitaji kuwekewa mpira wa mkojo, au anayesumbuliwa na tezi dume, mara nyingi humweleza mwanamume mwenzake dalili alizozificha kwa miezi, na dalili iliyotajwa mapema huweza kubadilisha matibabu yote. Watu wengi husifu pia nguvu za mwili, na hapo naomba uwe mwangalifu sana. Mgonjwa asiyejiweza hunyanyuliwa kwa mbinu, kwa vifaa na kwa mikono ya watu wawili au zaidi. Muuguzi anayembeba peke yake ati kwa kuwa ni mwanamume huharibu mgongo wake, na humweka mgonjwa katika hatari ya kuanguka. Vilevile, kila mgonjwa atakapofanya fujo utaitwa wewe kwanza. Saidia, lakini usikubali kugeuzwa mlinzi wa wodi, kwa maana saa unazozitumia kuwashika watu ni saa ulizonyimwa za kujifunza kuuguza.

Hasara kubwa iko kwenye mguso. Muuguzi mwanamke anapomwogesha mgonjwa, ni wachache wanaojiuliza ana nia gani. Wewe utaulizwa, hata kwa macho tu, hasa katika wodi ya wazazi na unapowahudumia wasichana. Jambo hili linaumiza, na sitaki kulipunguza. Hata hivyo lina utaratibu wake: jitambulishe kwa jina na kazi yako, eleza unachotaka kufanya na sababu yake, subiri ridhaa, funga pazia, funua sehemu inayohitajika peke yake, mwite mwenzako wa kike asimame nawe inapohusu sehemu za siri, kisha andika katika faili ulichofanya na nani alikuwapo. Mgonjwa akikataa, usibishane naye wala usinune. Hiyo ni haki yake. Badilishana kazi na mwenzako, nawe uchukue mgonjwa wake mmoja. Utaratibu huo huo unamfaa kila mgonjwa, hata anayehudumiwa na mwanamke.

Jambo jingine, dogo lakini la kila siku, ni kuitwa daktari. Sahihisha papo hapo, kwa sababu mgonjwa anayedhani ameshaonwa na daktari anaweza kuacha kumwuliza daktari halisi swali lake.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwanamke. Katika idara yetu wanaume ni wachache, lakini ndio wanaopewa usimamizi. Je, nina haki ya kulalamika?

JIBU: Dada yangu, unayo. Mwanasosholojia Christine Williams alilieleza jambo hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 1992: wanaume katika kazi zenye wanawake wengi, uuguzi ukiwamo, husukumwa juu hata pale ambapo wangependa kubaki walipo. Utafiti mwingine, uliochapishwa Marekani mwaka 2015, ulionyesha kwamba wauguzi wa kiume nchini humo walipata takriban dola 5,100 zaidi kwa mwaka kuliko wanawake, hata baada ya kuzingatia uzoefu, elimu na aina ya wodi.

Sharti nione hasara hapo hata kwa kijana aliyetangulia kuuliza, kwa kuwa anayekimbizwa ofisini kabla ya kukomaa wodini huwasimamia watu ambao kazi yao hajaijua vizuri. Anzeni kwa kuomba vigezo vya kupandishwa cheo vitolewe kwa maandishi, na nafasi zitangazwe kwa idara nzima kabla ya jina lolote kutajwa. Mwombeni na mwenzenu wa kiume atie saini ombi hilo.